Shajara ya kitalu: kuzalisha sakulenti kwenye baridi ya Njombe

Hii ni kumbukumbu ya kitalu kidogo kilichopo nyuma ya nyumba yangu, Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ninazalisha sakulenti, yaani mimea ya majani manene inayojiwekea akiba ya maji mwilini, na ninatafuta zile zinazoweza kuishi nje Juni na Julai bila kubembelezwa. Maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yanatoka kwa watu wa sehemu zenye joto, au sehemu ambazo baridi yake ni kavu. Huku kwetu baridi huja na ukungu na manyunyu, na hapo ndipo penye kazi. Hatua za kawaida nitazipita haraka. Yaliyoharibika nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyokula pesa.

24 Agosti 2024: Mimea mama

Nimeanza na aina nne. Ya kwanza ni Graptopetalum paraguayense, ambayo licha ya jina hilo asili yake ni Mexico wala si Paraguay. Majani yake ni ya kijivu yenye dalili ya waridi, yamejipanga duara. Ya pili ni shubiri ya kawaida (Aloe vera). Ya tatu ni Sansevieria yenye ukingo wa njano, ile ya kwenye mapokezi ya kila ofisi. Ya nne ni Sempervivum, mmea wa milima ya Ulaya unaovumilia hata kufunikwa na theluji.

Hiyo ya nne ilikuwa na kasoro tangu kwenye boksi. Nililipia miche ya Sempervivum, lakini zaidi ya nusu ilikuwa Echeveria. Kwa mbali zinafanana sana. Ukisogeza jani karibu na jicho, Sempervivum nyingi zina vinywele vifupi kwenye ukingo, mfano wa kope. Echeveria nyingi zina ukingo laini na nta inayofutika kwa kidole. Tofauti hiyo ina maana kubwa baadaye, kwa sababu mimea hii miwili haizalishwi kwa njia moja. Muuzaji amekataa kurudisha pesa. Kabla ya kulipa, omba picha ya ukingo wa jani, si picha ya chungu kizima.

Gharama: mimea mama na nauli yake Sh 46,000, viriba kilo moja Sh 7,000, mchanga wa mto viroba viwili Sh 6,000, mabanzi ya kutengenezea kichanja Sh 5,000.

15 Septemba 2024: Udongo

Njombe hii kila mwenye kitalu anajua mchanganyiko mmoja: udongo wa msituni, samadi, basi. Miche ya parachichi inaupenda na misindano inaupenda. Nikaongeza maranda ya misindano kwa sababu viwandani yanatolewa bure, nikidhani yatalegeza udongo.

Hayakulegeza. Maranda mabichi yanashika maji, na vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mmea naitrojeni. Nilimwagilia mara moja tu, na wiki iliyofuata ukinyanyua kiriba bado ni kizito. Majani ya chini ya shubiri yakalainika, yakapoteza rangi, yakaonekana yamechemka. Mizizi nayo ilikuwa imegeuka kahawia, ukiivuta inachubuka. Nimepoteza shubiri mbili na Echeveria moja.

Mchanganyiko ninaotumia sasa ni sehemu mbili za mchanga wa mto, sehemu moja ya chenga za mkaa na sehemu moja ya udongo wa msituni. Samadi hakuna. Mchanga lazima uchekechwe, vumbi litupwe, zibaki punje za milimita mbili hadi tano. Mchanga laini wa kupigia lipu ukilowa hushikamana na kuwa mbaya kuliko udongo. Chenga za mkaa zioshwe kwanza ili majivu yatoke. Kupima ni rahisi: mimina kikombe cha maji juu ya kiriba. Yakianza kutoka chini kabla hujaweka kikombe mezani, udongo unafaa. Yakituama juu, rudia kuchekecha. Viriba vya dukani vina matundu machache, nayaongeza kwa msumari.

Jirani mwenye kitalu cha parachichi alisimama uani akaangalia.

"Kamwene, mama. Mchanga huo unajenga nini?"

"Kamwene, baba. Napandia maua."

"Bila samadi? Haya, tutaona."

6 Oktoba 2024: Majani yanayozaa, na yasiyozaa

Hapa ndipo faida ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mmea mmoja wa Graptopetalum una majani mengi, na kila jani lililong'olewa vizuri linaweza kutoa mche. Neno la muhimu ni *vizuri*. Chipukizi jipya hutoka kwenye tishu iliyopo pale jani linaposhikana na shina. Ukikata kwa kisu, tishu hiyo inabaki kwenye shina na jani lako litatoa mizizi bila mche, au litakauka tu. Shika jani karibu na kitako, lisukume kushoto na kulia taratibu mpaka liachie lenyewe. Kitako kikiwa kizima, utaona umbo la mviringo lililokamilika. Kikiwa kimechanika, litupe mapema, lisikuchukulie nafasi.

Usipande siku hiyo. Kidonda kinahitaji kukauka hadi kifanye kovu. Hewa ya Oktoba hapa Njombe ni kavu na siku nne mpaka saba zinatosha, kivulini, juu ya gazeti. Nilipaka majivu kwenye baadhi ya vidonda, mdalasini kwenye vingine, na vingine nikaviacha hivyo hivyo. Sikuona tofauti yoyote kati ya makundi hayo matatu. Tofauti ilionekana kati ya yaliyokaushwa na yaliyopandwa mabichi: mabichi yalioza karibu yote.

Baada ya kovu, nayalaza majani juu ya udongo bila kuyafukia, kitako kikigusa tu. Nyuzi za waridi hutokea kwanza, hiyo ni mizizi. Zikionekana ndipo naanza kunyunyizia maji, kwa chupa, pale penye mizizi tu. Kabla ya hapo maji hayana wa kuyanywa.

Yaliyoharibika ni haya.

Trei za mayai. Nilizipenda kwa sababu kila jani lina chumba chake na trei ni za bure. Lakini zile za karatasi hunyonya unyevu na kuutunza. Ukungu mweupe ulianza kwenye kingo ukahamia kwenye vitako. Nimezichoma zote na kuhamia kwenye vifuniko vya ndoo vilivyotobolewa.

Kuku. Hili halihitaji maelezo ya kisayansi. Jani nene la kijivu likilala juu ya mchanga, kuku halioni kuwa mradi. Waya wa kuku Sh 12,000.

Majani ya Sempervivum. Niliyang'oa kwa uangalifu ule ule, yakasinyaa mpaka yakawa makaratasi. Hayazai kwa jani. Echeveria zile nilizopewa kwa makosa zilizaa, tena vizuri, na ndivyo nilivyopata uhakika wa nani ni nani. Sempervivum hutoa watoto wenyewe, wakiwa kwenye vikonyo vinavyotambaa kutoka kwa mama. Subiri mtoto atoe mizizi yake, kisha kata kikonyo. Haina njia ya mkato.

10 Novemba 2024: Shubiri

Kuna video za kuchomeka kipande cha jani la shubiri ndani ya ndizi, siku chache baadaye mche unachomoza. Nimejaribu kwa sababu niliulizwa sana. Ndizi ilioza, jani likaoza ndani yake, na inzi wakafurahi. Jani la shubiri lina utomvu mwingi lakini halina mahali pa kuchipushia shina. Nashuku video hizo zinaonyesha chipukizi zima lenye mizizi lililofichwa kwenye ndizi.

Shubiri huzalishwa kwa watoto wanaochipua pembeni ya mama. Mtoto mwenye majani manne na mizizi yake mwenyewe nampasua kwa kisu kilichofutwa na spiriti, nasubiri kidonda kikauke siku mbili tatu, napanda. Mama asipotoa watoto, mara nyingi chungu ni kikubwa kupita kiasi au kivuli kimezidi. Nilimhamishia kwenye kopo dogo lenye jua la asubuhi na ameanza.

Kijana mmoja alileta shubiri pori aliyoing'oa mlimani, akitaka Sh 2,000 kwa shina. Nimemrudisha nayo. Karibu shubiri zote duniani, isipokuwa Aloe vera, zimo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini (chache zimo kwenye orodha ya kwanza, iliyo kali zaidi), na biashara yake nje ya mipaka inahitaji kibali. Na hata bila sheria hiyo, aina nyingi za pori haziishi vizuri zikishang'olewa zikiwa kubwa. Anayezitaka apande mbegu.

1 Desemba 2024: Sansevieria

Nilikata jani moja refu vipande vya urefu wa kidole. Vilivyopandwa chini juu havikutoa chochote. Jani hilo linajua upande wake wa chini, na mizizi hutoka huko tu. Sasa kabla ya kukata natia alama ya kalamu upande wa juu wa kila kipande, au nakata upande wa chini kwa umbo la V ili nisikosee nikishachanganya.

Vipande vilivyokaa sawa vimeota polepole mno, na mche wa kwanza uliochomoza ni wa kijani kitupu. Ukingo wa njano umepotea. Hauwezi kurudi, kwa sababu njano ile ni tabaka la seli tofauti pembeni mwa jani, na chipukizi kutoka kwenye kipande hujengwa na seli za kijani. Mteja anataka njano. Dawa yake ni moja: kupasua mashina ya chini ya udongo, kila kipande kibaki na chipukizi lake. Mmea mama wangu umetoa vipande vitatu tu, kwa hiyo hii haitakuwa biashara ya haraka. Zaidi ya hapo haipendi joto likishuka chini ya nyuzi 10. Imehamia sebuleni. Sitaihesabu tena kwenye orodha ya mimea migumu.

19 Januari 2025: Mvua

Mvua za hapa huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei. Kufikia Krismasi kichanja kilikuwa hakijaezekwa, kwa matumaini kwamba mchanga wangu unapitisha maji kiasi cha kutosha. Unapitisha, ila ukipitisha maji kila siku kwa wiki tatu haupati muda wa kukauka. Theluthi moja ya miche ya Graptopetalum imelainika shingoni na kuanguka. Mingi nimeiokoa kichwa: nakata juu ya sehemu nyeusi, naendelea kukata mpaka kidonda kiwe cheupe chote bila nukta ya kahawia katikati, kisha kavu, kisha kupanda upya. Ukiacha nukta moja, kuoza kunaendelea.

Nimeezeka nailoni, mita sita kwa Sh 4,500 kila mita, jumla Sh 27,000. Nimeinamisha upande mmoja na kuacha pande zote nne wazi. Nilipofunga pande mbili kwa siku chache ili kuzuia upepo, matone yalitanda chini ya nailoni na kudondokea miche usiku kucha. Upepo unahitajika kuliko joto.

Vidung'ata nao wameingia. Huonekana ni vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani. Pamba iliyolowa spiriti inawaua, lakini walirudi mara kwa mara mpaka nilipofuatilia sisimizi. Sisimizi huwabeba na kuwalinda ili wapate utamu wanaotoa. Nimeweka miguu ya kichanja ndani ya makopo ya maji yenye sabuni kidogo, na tangu hapo pamba imepungua sana. Spiriti Sh 3,000.

30 Machi 2025: Kurefuka

Mawingu ya miezi mitatu yamefanya miche irefuke, majani yakaachana, shina likaonekana. Haliwezi kufupishwa. Nimekata vichwa, nimevikausha na kuvipanda, na mashina yaliyobaki yanatoa machipukizi mawili matatu kila moja. Hasara imegeuka uzalishaji.

Jua lilipofunguka nilitoa kundi moja nje siku nzima kwa mara ya kwanza, na majani yakaungua mabaka ya kahawia. Kwenye mwinuko huu jua ni kali hata hewa ikiwa ya baridi. Baka halifutiki; litaondoka jani litakapokufa. Kundi la pili nimelipa saa mbili za asubuhi, kisha nne, kisha siku nzima, na halina alama.

13 Julai 2025: Sakitu

Mtihani wenyewe. Usiku uliotangulia ulikuwa wa nyota tupu na hapakuwa na upepo. Alfajiri kipimajoto cha ukutani (Sh 10,000) kilisoma nyuzi 3, lakini nyasi za upande wa chini wa ua zilikuwa nyeupe. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto haraka kwenda angani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka na kutuama bondeni. Kwa hiyo namba ya ukutani haisemi kilichotokea kwenye kiriba kilichowekwa chini.

Matokeo. Sempervivum: hakuna kitu, imeongeza rangi nyekundu tu. Graptopetalum za juu ya kichanja, ambazo hazikupata maji tangu mwanzo wa Juni: ncha zimekuwa za waridi, zote nzima. Graptopetalum zilizokuwa chini getini, nilizozimwagilia siku mbili kabla ili zinawiri machoni pa wanunuzi: majani yamekuwa ya kioo na kufikia jioni yamelala. Ni mimea ya mama mmoja, udongo mmoja, usiku mmoja. Maji na mahali ndivyo vilivyoitenganisha. Jani lililojaa maji huganda upesi na kupasuka seli. Lililokauka kidogo lina utomvu mzito unaochelewa kuganda. Echeveria zina mabaka lakini mioyo ni mizima. Shubiri iliyobaki nje imelainika ncha zote. Itapona, ila haiuziki mwaka huu.

Utaratibu wangu sasa: mwisho wa Mei naacha kumwagilia vya nje kabisa, vyote vinapanda kichanjani, na jioni yenye nyota nafunika kwa viroba vilivyofumuliwa, naviondoa jua likichomoza. Sitandazi nailoni moja kwa moja juu ya majani. Pale inapogusa ndipo huungua.

17 Agosti 2025: Kutuma kwa basi

Wateja wa Dar es Salaam walianza kuulizia. Kifurushi cha kwanza nilikituma na viriba vyake, udongo ukiwa na unyevu, nikiamini mche unapenda kwao. Viriba vilipinduka kwenye buti la basi, mchanga ukavunja majani, na yale yaliyobaki chini ya udongo wa maji kwa safari ya siku nzima yalifika yameanza kunuka. Nilirudisha pesa.

Cha pili nilituma mizizi mitupu: nimeng'oa, nimekung'uta udongo wote, nimeacha mizizi ikauke kivulini siku tatu, nimefunga kila mche kwa gazeti, boksi lenye matundu. Imefika salama, na mteja alipanda wiki moja baadaye bila tatizo. Mimea hii hufunga vitundu vya majani mchana na kuvifungua usiku hewa inapokuwa baridi, kwa hiyo haipotezi maji mengi ndani ya boksi.

Mkonge nao ni wa tabia hiyo hiyo, na uliingia nchini kwa safari ya namna hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalianzia hapo. Ningependa sana kujua walivyoifunga.

7 Septemba 2025: Hesabu

Matumizi ya mwaka: mimea mama 46,000, viriba 7,000, mchanga 6,000, mabanzi 5,000, waya 12,000, nailoni 27,000, spiriti 3,000, kipimajoto 10,000, jumla Sh 116,000. Nauli na maboksi ya vifurushi yameongeza Sh 24,000, hivyo Sh 140,000. Mauzo ni Sh 118,000, karibu yote ya Graptopetalum kwa Sh 2,500 mche, na shubiri chache kwa Sh 3,000. Bado sijavuka, ingawa kichanja, waya na kipimajoto havitanunuliwa tena.

Jirani wa parachichi amechukua Graptopetalum mbili kwa ajili ya mkewe. Ameomba na mchanga wake.

Anayetaka kuiga kwa pesa kidogo anunue Graptopetalum moja yenye afya na mchanga, aache Sempervivum mpaka apate mtu anayemwamini, na aezeke kabla ya Novemba. Majani mapya yalishang'olewa jana na yapo kwenye gazeti. Nitaandika yakitoa mizizi. Mbegu za shubiri nimeagiza kwa mwenye bustani anayeipanda mwenyewe, na sehemu inayofuata itahusu hizo.